Kwa Fundi Aliyechora Wavu Huu

Fundi usiyenijua,
mimi nachomelea grili na mageti Mabatini,
hatua arobaini kutoka Mto Mirongo.
Naitwa Masalu. Machi walinipitishia kazi yako
hapa kwenye kifundo cha mkono, penye mapigo,
ikapanda hadi moyoni imekunjwa kama mwavuli.
Nilikuwa macho. Niliuona kwenye kioo
mshipa wangu, umebanwa katikati
kama mpira wa maji uliokanyagwa na pikipiki.
Kisha puto likajaa,
na Mirongo yangu ikatiririka.

Dokta Rwegoshora, aliposikia kazi yangu,
alinitolea stenti nyingine, iliyoharibika kabla ya kutumika,
ndani ya kichupa cha kupimia mkojo.
"Haya, fundi, toa hukumu."
Nikaomba miwani. Nikasogea dirishani.
Vifito vyembamba kama unywele wa mjukuu,
zigizagi juu ya zigizagi,
wala sikuona nundu hata moja ya rodi.
Kumbe hukuunga. Ulichukua bomba zima
ukaondoa kwa mwanga kila kisichohitajika.
Sisi huku tunaongeza chuma ndipo mteja aamini.
Wewe ulipunguza,
mpaka kilichobaki kikajua kupinda.

Maana moyo hautulii kama dirisha.
Mara laki moja kwa siku unajikunja,
na vifito vyako viitikie
bila kukatika, bila grisi ya bawaba.

Lakini kilichoninyima usingizi ni rangi.

Daktari alisema umeipaka dawa
inayoiambia nyama: polepole.
Nyama ikikwaruzwa haina kiasi,
inaotesha kovu juu ya kovu
kama magugu maji yalivyoziba pale Mwaloni
boti za dagaa zikalala nje siku tatu.
Nikasema: basi si mpake nyingi?
Akacheka kwa pua.
Dawa ikizidi, nyama inaogopa kusogea,
chuma kinabaki uchi,
na damu ikikuta chuma uchi, inaganda.
Kwa hiyo itoke kidogo kidogo, miezi mitatu, iishe yenyewe,
nyama ije itandaze ngozi juu ya vifito
kama mtu anavyomfunika mgeni
aliyepitiwa na usingizi kwenye kochi.

Hapo nikanyamaza.
Kwa sababu, fundi, nina geti Nyegezi.
Mwaka wangu wa kwanza. Nilizidisha mafuta kwenye rangi
ili ing'ae. Wiki nzima haikukauka.
Mtoto wa mwenye nyumba akalishika,
na kiganja chake kikabaki pale, chini ya kitasa, vidole vyote vitano.
Mama yake alimsugua kwa mafuta ya taa,
mtoto analia,
mimi nahesabu pesa.
Wewe ukizidisha tone, kiganja kinabaki wapi?

Nkwimba ananipa vidonge saa mbili usiku. Mwaka mzima, walisema.
Mwezi uliopita hela yake nilitaka kununulia diski za grainda.
Hakugomba. Aliuliza tu,
"Hivi geti bila rangi huwa unampa mteja dhamana ya siku ngapi?"
Nikameza.

Jana kijana wangu Lugembe alishika brashi
kabla redi oksaidi haijakauka.
Nikamwambia subiri.
"Tangu lini, mzee?"
Nikahesabu kimoyomoyo: siku ya themanini na nane.
Rangi yako inakaribia kwisha.
Nikaweka kidole pale walipoingilia.
Panagonga.

Sijui uko mji gani, wala kama mafundi wa huko
hukumbuka kazi walizoharibu.
Jumapili nilikwenda Nyegezi na msasa.
Aliyenifungulia ana ndevu.
Nililisugua geti lote mpaka chuma kikacheka,
nikapaka koti la kwanza, nikangoja, nikapaka la pili.

Kiganja nilikizunguka.
Nimekiacha.